Barua ya wazi kwa wakuu wa mpira wa kikapu Kenya: mechi sita ndani ya siku tisa

Waheshimiwa viongozi wa shirikisho, wamiliki wa klabu na mameneja wa timu,

Salamu kwenu nyote.

Mwaka 2025 Nairobi City Thunder waliingia BAL, ligi ya klabu bingwa za kikapu Afrika, na hapo ikawa mara ya kwanza kwa klabu ya Kenya kufika huko. Walipangwa Konferensi ya Nile, moja ya makundi ya ligi hiyo, pamoja na APR wa Rwanda, Al Ahli Tripoli wa Libya na MBB wa Afrika Kusini, wakacheza BK Arena mjini Kigali kuanzia 17 hadi 25 Mei. Hawakuvuka kwenda mtoano wa Pretoria. Kombe lenyewe lilichukuliwa Juni na Al Ahli Tripoli, waliotoka kundi hilohilo.

Baada ya Kigali kila mtu alikuwa na mchawi wake. Kuna aliyemtaja kocha, kuna aliyewataja wachezaji wa kigeni, kuna aliyesema Wakenya ni wafupi. Sisi tunaowaandikia ni makocha, maofisa wa meza na watunza takwimu, watu wa kukaa kando ya uwanja na kalamu mkononi. Kwa maoni yetu timu yoyote ya Kenya, iwe Thunder au nyingine itakayofuata, itaendelea kupigwa kule kama ligi ya hapa haichezwi kwa mwendo wa kule. Hilo mchezaji hawezi kulirekebisha. Mnaoweza ni ninyi.

Tuanze na ratiba, maana ndiyo inayoumiza zaidi na inazungumzwa kidogo mno. Katika mfumo wa 2025 kila timu ilikutana na wenzake watatu mara mbili, yaani mechi sita ndani ya siku tisa. Fanyeni hesabu. Mechi moja ni dakika 40, mara wachezaji watano uwanjani, ni dakika 200. Mara sita ni dakika 1,200. Ukiwa na wachezaji tisa unaowaamini, kila mmoja anabeba kama dakika 133, ambazo ni wastani wa 22 kwa mechi, na mwili unazimudu. Ukiwa na sita tu unaowaamini, kila mmoja anabeba 200. Nyota wako akichezeshwa dakika 36 kila usiku atamaliza na 216, na kuanzia mechi ya nne utaona mitupo yake ya mbali inagonga ukingo wa mbele wa ringi. Mkono bado unajua njia. Ni miguu iliyokwisha.

Ligi yetu huchezwa wikendi. Mchezaji anacheza Jumamosi, pengine na Jumapili, kisha anapumzika siku tano. Wengi ni waajiriwa au wanafunzi: wengine jeshini, wengine bandarini, wengine benki, na mazoezi ni jioni baada ya kazi. Mwili uliozoea hivyo haujui kucheza Jumanne usiku, kulala saa saba, kuamka kutazama video, na kurudi uwanjani Jumatano. Na kocha naye hajapata nafasi ya kujifunza kumtumia mtu wa tisa na wa kumi, kwa sababu nyumbani hahitaji. Mechi nyingi za nyumbani anazimaliza na watano walewale.

Tunachoomba kwa shirikisho ni kitu cha kalenda tu, wala si cha fedha nyingi. Timu ikishafuzu mwishoni mwa mwaka, ipangiwe angalau vipindi viwili vya siku tisa kati ya Januari na Aprili, mechi sita kila kipindi: siku ya 1, ya 2, ya 4, ya 6, ya 8 na ya 9. Mechi za ligi zilizo karibu zisogezwe ziingie humo, na pengo lijazwe na mechi za kirafiki. Kampala wapo City Oilers, waliocheza BAL 2023 na 2024 na wanaijua ladha ya kutovuka kundi. Kigali kuna Patriots na REG, na wote wameshacheza BAL. Basi la usiku linafika Kampala asubuhi. Kipindi cha kwanza kitakuwa kibaya, na afadhali kiwe kibaya Machi mbele ya watu mia mbili.

Jambo la pili ni saa ya sekunde 24, ile inayohesabu muda ambao timu inapewa kurusha mpira. Hapa tutakaa kidogo, mtuvumilie.

Tazameni shambulizi moja tu. Mpinzani amefunga. Mtu wetu anaokota mpira taratibu, anatoka nje ya mstari, anautoa kwa pointi gadi, mchezaji anayeongoza mashambulizi. Gadi akiugusa tu, saa inaanza kukimbia. Beki wao anamsindikiza tangu chini ya ringi, si kwa nia ya kuiba, ni kumpotezea muda. Gadi anazunguka mara mbili, anavuka mstari wa kati sekunde ya saba, moja kabla ya kukamatwa na sheria ya sekunde nane za kutoka nusu ya nyuma. Saa inasoma 17. Anainua ngumi kutangaza mchezo uliopangwa, wenzake wanatembea kwenye nafasi zao. Saa 13. Senta, mrefu wa chini ya ringi, anakuja kuweka skrini ya kwanza, yaani kusimama kumzibia beki njia, wapinzani wanabadilishana watu, skrini imekufa. Saa 8. Mpira unarudi juu, mtu wa pembeni anaupokea mita moja nyuma ya mstari wa pointi tatu, anaangalia saa: 5. Anapiga chenga mbili, anarusha huku beki amemning'inia. Mnaosoma takwimu kesho yake mtaona amekosa, mtasema hana shabaha. Mtupo ule uliharibika sekunde ya saba, kwenye nusu yetu wenyewe.

Timu za kiwango kile huvuka kati saa ikisoma 20 au 21. Tofauti ya sekunde tatu ni skrini moja nzima ya ziada. Nyumbani gadi hajifunzi hili kwa sababu anakabwa kuanzia mstari wa pointi tatu, na pia kwa sababu kuna mechi zinazochezwa mahali ambapo saa ya sekunde 24 imezimika, au haipo, na ofisa wa meza anahesabu kwa saa ya mkononi na kupaza sauti. Tunaijua meza hiyo. Mtu akihesabu kwa mdomo, 24 inakuwa 27. Halafu kuna kurudishwa kwa 14: timu ikirusha, mpira ukagusa ringi, ikaupata tena yenyewe, haipewi 24 mpya, inapewa 14. Kwenye uwanja wa saa ya mdomo sheria hii huzama kabisa, na mchezaji anafika ligi kubwa akiwa bado anautoa mpira nje kwa utulivu baada ya ribaundi ya mashambulizi, kana kwamba ana siku nzima.

Kwa hiyo: mechi yoyote ya ligi kuu isianze kama saa mbili za sekunde 24, moja juu ya kila ubao, hazifanyi kazi. Ziwe na betri au umeme wa akiba. Mwendeshaji wake awe mtu aliyefunzwa kazi hiyo peke yake, asiwe kijana aliyeitwa kutoka jukwaani dakika tano kabla. Tukiambiwa tuchague ombi moja tu katika barua hii, tungechagua hili.

Kwenye mazoezi, dawa inajulikana. Watano washambulie dhidi ya saba, uwanja mzima, dakika 10 kila siku, safari 20. Wiki ya kwanza hakuna kudunda mpira kwenye nusu ya nyuma, pasi tu. Mpira uvuke ndani ya sekunde sita, siyo nane. Kosa kubwa tunaloliona ni gadi kukimbilia kona iliyo baina ya mstari wa pembeni na mstari wa kati, mahali ambapo mistari miwili tayari inamkaba na beki wawili wanakamilisha mtego. Njia ni katikati: fowadi mrefu asimame kwenye duara la kati, apokee juu ya kichwa, ageuke. Safari 17 kati ya 20 zikivuka salama kwa wiki mbili mfululizo, mnaweza kuanza kuzungumza juu ya mbinu nyingine.

Maana hasara ya mipira iliyopotea ni ya hesabu, haina siri. Chukueni mfano wa mechi yenye mashambulizi 75 kila upande. Sisi tunapoteza mipira 20, wao 12. Tumebaki na nafasi 55 za kurusha, wao 63. Hata shabaha ikilingana, tuseme pointi 1.2 kwa kila nafasi, sisi ni 66 na wao 75 na kitu. Pointi tisa zimekwenda bila mtu kukosa shabaha. Na huo ni mfano wa kistaarabu, kwa kuwa haukuhesabu kwamba mpira ulioibwa uwanjani unageuka mbio na kumaliziwa chini ya ringi, ambapo karibu hakuna anayekosa. Mpira uliotoka nje ni nafuu kuliko pasi iliyonyakuliwa. Ndiyo maana tunaomba takwimu za ligi ziandike aina mbili za upotezaji, uliokufa (mpira uliotoka nje) na ulio hai (mpira ulioibwa uwanjani), na zitolewe kwa kila mechi, kamili, usiku uleule. Kocha anayepata namba ya pointi tu hana cha kufanyia kazi Jumatatu.

Ulinzi. Senta wetu wengi wamelelewa kukaa chini ya ringi wakisubiri ribaundi. Skrini ikiwekwa juu, wanarudi nyuma. Hapa inafaa, kwa sababu gadi wa hapa anapenda kuingia ndani. Kule, gadi wa kulipwa anasimama palepale nyuma ya skrini, mita 6.75 au hata 7 na nusu, anarusha bila kuulizwa. Senta akipanda kumzuia, pasi inapita juu ya kichwa chake kwenda kwa mrefu wao anayekata ndani. Haitoshi kumwambia senta ajitume. Timu inahitaji njia mbili zilizokaririwa, ya kupanda na ya kubadilishana watu, na namna watatu waliobaki wanavyofunga nafasi nyuma. Hilo huchukua wiki nne za mazoezi ya pamoja, asubuhi na jioni, na wachezaji wote wakiwepo.

“Wote wakiwepo” ndipo tatizo la wageni linapoingia. Kanuni za BAL zinaruhusu wageni wachache na zinataka wazawa wawe wengi. Desturi ya klabu changa ni kusajili wageni hao mwishoni kabisa, wakati fedha za mdhamini zimetua. Mtu anashuka uwanja wa ndege wa JKIA wiki mbili kabla ya mashindano, hajui majina ya michezo iliyopangwa, hajui nani anapenda mpira mkono wa kushoto. Siku ya mechi kila kitu kikigoma anafanya alichoitiwa: anashika mpira na kurusha mwenyewe, na wazawa wanasimama kumtazama. Halafu tunasema wageni ni wachoyo. Mkataba usainiwe kufikia Januari. Barua ya kumruhusu mchezaji kutoka shirikisho alilotoka iombwe mara moja, kwa sababu shirikisho lile lina siku saba za kujibu na zikitokea hitilafu za jina au pasipoti mnaanza upya. Na dirisha la usajili la ligi yetu lifunguliwe kwa namna itakayomwezesha mgeni kucheza angalau mechi sita hapa kabla ya kusafiri.

Ila msifanye kosa la upande wa pili, la kuwatupa waliowafikisha. Historia ya mchezo huu ina mfano mchungu. Mwaka 1976 timu nne za ligi ya ABA ya Marekani ziliingizwa NBA, na kila moja ilitakiwa kulipa dola milioni 3.2 za kiingilio. New York Nets, waliokuwa mabingwa wa mwisho wa ABA, walitakiwa pia kuwalipa Knicks, timu ya NBA ya New York, dola milioni 4.8 kwa kuingia eneo lao. Fedha hawakuwa nazo. Wakamuuza nyota wao Julius Erving kwa timu ya Philadelphia kwa dola milioni 3, na msimu wao wa kwanza kwenye ligi kubwa wakashinda mechi 22 na kupoteza 60. Walilipa ada ya mlango kwa kuuza kilichowafanya wagonge mlango. Klabu yetu ikifuzu kisha ikawaacha wazawa watatu ili ipate mshahara wa mgeni mmoja, imefanya biashara ileile kwa bei ndogo.

Waamuzi. Hatusemi ni wabaya. Tunasema filimbi ya hapa na filimbi ya kule hazifanani. Hapa beki anaruhusiwa kuweka mkono kiunoni mwa mwenye mpira akimsindikiza. Kule ni faulo, tena ya kwanza, na ifikapo ya tano ya timu katika kota, yaani robo ya mechi, kila mguso ni mitupo huru miwili. Hapa mtu akimshika kwa nyuma mpinzani anayekimbia peke yake kwenda kufunga, mashabiki wanapiga makofi kwa busara yake. Kule ni faulo isiyo ya kimichezo: mitupo miwili na mpira unarudi kwao. Na dakika mbili za mwisho, ukimfanyia mtu faulo kabla mpira haujatoka mikononi mwa anayeurusha kutoka nje, ni mtupo mmoja na mpira tena. Benchi lisilojua hili linaweza kupoteza mechi ya pointi nne ndani ya sekunde kumi. Waamuzi wa ligi waagizwe kupuliza kwa kitabu cha FIBA, shirikisho la kikapu duniani, kuanzia mechi ya kwanza ya msimu. Wiki tatu za mwanzo zitakuwa za mitupo huru na manung'uniko. Zitapita.

Mambo madogo tutayapitia haraka. Mpira rasmi wa BAL ni wa kampuni ya Wilson, na timu iliyozoea wa kampuni ya Molten huhisi tofauti ya mifereji na mshiko: nunueni 24, miwili kwa kila mchezaji, miezi minne kabla. Mitupo huru ipigwe wakati wa uchovu, kumi baada ya kila zoezi la mbio, si hamsini ya starehe mwisho wa mazoezi. Baada ya mechi mchezaji apate gramu 25 hadi 30 za protini na wanga wa kutosha ndani ya saa moja. Wali, ugali, viazi, ndizi, vyote vinafaa, shida huwa ni jiko la hoteli kufungwa saa nne usiku wakati mechi imeisha saa tano kasoro. Meneja amalize suala la jiko kabla ya safari. Mchezaji apimwe uzito kabla na baada ya mechi, na kila kilo iliyopungua irudishwe kwa maji lita moja na robo hadi moja na nusu, yenye chumvi kidogo. Timu iende na mtaalamu wa viungo wake, wawili ikiwezekana, kwa sababu mmoja hawezi kufunga vifundo vya watu 12 kabla ya mechi na kukanda misuli yao usiku.

Kuhusu mwinuko, acheni kujipa moyo wala kujitetea. Nairobi iko juu kuliko Kigali, kwa hiyo timu ya Nairobi haina kisingizio cha pumzi pale. Timu ya Mombasa ikifuzu, hilo ni jambo jingine: ipande wiki mbili kabla.

Someni kanuni, tena na wakili mezani. Machi 2024 Dynamo wa Burundi walishinda mechi yao ya kwanza Pretoria, wakatolewa mashindanoni bila kufungwa uwanjani, kwa sababu walikataa kuvaa jezi zenye nembo ya “Visit Rwanda”. Hatuingii kwenye siasa yake. Ila mzozo wa jezi, wa wadhamini, wa nani anatangaza nini kifuani, unamalizwa ofisini miezi kabla, wachezaji wakiwa bado hawajapanda ndege. Klabu inayodhaminiwa na kampuni inayogongana na mdhamini wa ligi ilijue hilo siku ya kufuzu, isilijue siku ya kupiga picha.

Na kuhusu kocha: msimfukuze baada ya msimu wa kwanza kwa sababu ya jedwali peke yake. Vancouver Grizzlies walipoingia NBA mwaka 1995 walishinda mechi mbili za kwanza, kisha wakapoteza 19 mfululizo, na baadaye msimu uleule wakapoteza 23 mfululizo. Mwaka huohuo Toronto Raptors, wageni wenzao, walimaliza na ushindi 21 na vipigo 61. Timu ngeni hupigwa. Mpimeni kocha kwa vitu vinavyoweza kubadilika haraka: mipira inayopotea imeshuka kutoka ngapi hadi ngapi? Mpira unavuka kati saa ikisoma ngapi? Mtu wa tisa anacheza dakika ngapi, na tofauti ya pointi katika kota ya nne inapungua au inapanuka? Mkiwa na namba hizo nne za kila mechi, mnaweza kumwita kocha ofisini mkazungumza. Bila hizo mtakuwa mnapiga ramli.

Tunaomba mkutano mmoja kabla ya ratiba ya msimu ujao kuchapishwa, shirikisho, klabu, kamati ya waamuzi na wasimamizi wa kumbi wakiwa chumba kimoja. Ajenda tatu: vipindi vya siku tisa, dirisha la usajili, na orodha ya kumbi zenye saa za sekunde 24 zinazofanya kazi. Orodha hiyo tutakuja nayo sisi, tumeshaanza kuizungukia.

Wenu katika mchezo,

Makocha, maofisa wa meza na watunza takwimu